Ugonjwa Alionichagulia Mama

Kazi ya Riyadh niliipata kwa neno la mama yangu. Wenzangu wengi wa miaka ile walipitia kwa maajenti, wakapanga foleni kwenye ofisi za Nairobi zilizojaa mabango ya maghorofa, wakapimwa damu na kifua, wakasubiri viza mpaka wakachoka kuulizwa na majirani wanaondoka lini. Mimi niliitwa. Mama alikuwa ametangulia miaka minne, akifanya kazi za ndani kwa familia moja ya Jeddah, na huko alikuwa amejijengea jina. Madam wake alimwachia funguo za kabati la dhahabu. Alimwachia mtoto mchanga asubuhi akaenda zake, akarudi jioni bila kupiga simu hata moja ya kuulizia. Wasichana watatu wa mataifa mengine walipita katika nyumba ile wakafukuzwa, mama akabaki, na kila aliyefukuzwa alimwongezea mama cheo.

Kisha dada ya madam, aliyeolewa Riyadh, akahitaji dereva. Wanawake wa kule walikuwa bado hawaruhusiwi kushika usukani, na nyumba yenye mabinti watatu wa shule bila dereva ni nyumba iliyofungwa. Dereva wao wa kwanza alikuwa amenaswa akimwandikia binti mkubwa vikaratasi. Safari hii walitaka mtu ambaye macho yake hayatangitangi, na mtu wa kumdhamini. Mama akawaambia, "Mchukueni mwanangu. Mimi na yeye ni kitu kimoja. Akiharibu, nifukuzeni mimi."

Nimecheka sana peke yangu juu ya jambo hilo. Katika Riyadh nzima hapakuwa na dereva aliyewafaa mabinti wale kuliko mimi. Walikuwa wakiingia kwenye gari na kelele zao na manukato yao, mimi naangalia barabara, na bosi wangu akawaambia jamaa zake kwamba amepata Mkenya mwenye adabu isiyo ya kawaida. Sifa zilifika Jeddah zikamrudia mama. Alizipokea kama mtu anayelipwa haki yake.

Niseme jinsi tulivyokuwa, mimi na mama, ili nisionekane mjinga kuliko nilivyokuwa. Baba yangu alituacha nikiwa darasa la tatu. Mama aliniita "baba" tangu nilipozaliwa, kwa sababu nimebeba jina la baba yake, na baada ya yule mwingine kuondoka neno hilo lilizidi uzito. Nyumbani kwetu palikuwa na sheria moja: ukisema ukweli hupigwi. Nilipovunja kioo cha kanisa kwa mpira nilikwenda mwenyewe kumwambia, akanitazama, akavaa viatu, akaenda kuongea na mzee wa kanisa, na mimi hakunigusa. Dada yangu mdogo alidanganya kuhusu sukari, sukari tu, akachapwa mpaka majirani wakaingia. Nilikua nikijua kwamba kwa mama ukweli ni mahali pa kujificha. Watoto wengine walikuwa na baba, mimi nilikuwa na sheria ile.

Riyadh nilikuwa na chumba kando ya geti, kitanda, kiyoyozi kinachonguruma, na dirisha linalotazama ukuta. Kazi ilikuwa shule asubuhi, shule mchana, na alasiri kumpeleka madam wangu Sulimaniyah kwenye maduka na mafundi wake wa nguo. Dereva kazi yake kubwa ni kungoja. Hilo hakuna ajenti anayekuambia. Ulikuwa ukingoja saa mbili, saa tatu, kwenye maegesho ya chini ya jengo, na ukifungua mlango wa gari joto linaingia kama mtu aliyealikwa. Jengo moja tulilozoea kwenda lilikuwa na mlinzi Mkenya, mrefu, mtaratibu, mwenye kofia iliyombana. Mara ya kwanza alinijia kuniambia nimeegesha vibaya. Alinisalimia kwa Kiswahili kabla sijafungua mdomo, nikamuuliza amejuaje, akasema hakuna taifa lingine linalokaa kwenye gari la mwajiri kana kwamba amelikodi mwenyewe.

Sitaeleza mengi juu yake. Tulikuwa tukiongea kwenye yale maegesho, mchana kweupe, yeye amesimama na mimi nimekaa na mlango wazi, wanaume wawili kutoka nchi moja wakipiga soga, na hakuna aliyetutilia shaka. Miezi minane ilipita kabla ya yeyote kati yetu kusema neno la kweli. Mapenzi yetu yalikuwa na mikutano michache kuliko vidole vyangu, na mengine yote yalikuwa simu. Tulijua sheria za pale. Tulijua hukumu yake ni nini. Hata hivyo nilikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuwa nayo nyumbani, naandika hivyo bila haya.

Mama alinipigia kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana, wakati nyumba yao imelala. Kila Ijumaa alimaliza na maneno yale yale: "Baba, usinifiche kitu. Huku hatuna mtu, ni mimi na wewe." Kisha akaanza habari za msichana. Alikuwa akifanya kazi nyumba ya tatu kutoka kwa madam wake, binti wa kwetu, mwimbaji, mwenye heshima. Mama aliniletea picha yake kwenye simu. Baada ya mwezi akawa anamwita mke wangu. Baada ya miezi miwili akaniambia kwamba msichana ameandika kwao nyumbani kuwajulisha kwamba kuna mtu.

Hapo ndipo niliposhindwa. Ningeweza kumdanganya mama kwa miaka, nilikuwa nimeanza kuzoea, lakini sikuweza kumngojesha bure msichana wa watu ambaye alikuwa akipiga pasi nguo za watu kumi na wawili huku akipanga maisha na mimi. Nilimwambia rafiki yangu, yule mlinzi wa Sulimaniyah, kwamba nitamweleza mama ukweli.

"Usimwambie," akasema. "Mwambie huyo msichana humtaki, basi. Sema umepata mwingine."

"Humjui mama yangu."

"Wamama nawajua."

Nafasi ilikuja wakati wa likizo ya shule. Familia yangu ya Riyadh ilisafiri kwenda Umra, na mimi niliendesha gari siku nzima mpaka Jeddah, mabinti wamelala nyuma na bosi pembeni akinisimulia ujana wake. Makka sikuweza kuingia. Mkristo haruhusiwi, barabara yenyewe inakugeuza kabla hujafika, kwa hiyo tulifikia nyumba ile aliyokuwa akifanya kazi mama, na dereva wao Mpakistani akashika usukani wa gari letu akawapeleka. Nikabaki na siku mbili bila kazi. Siku mbili, baada ya mwaka na nusu. Madam wa Jeddah alikuwa mwepesi siku ile, akamwambia mama achukue mwanawe waende Balad wakanunue vitu vya kutuma nyumbani.

Mama alikuwa amenenepa kidogo na alitembea kama mwenye mji. Alinishika mkono kuvuka barabara. Alinionyesha zile nyumba kongwe za mawe ya matumbawe, baadhi zimeegemea nguzo za mbao zisianguke, na madirisha yake ya mbao yaliyochongwa. Wapagazi walitupita na mikokoteni wakipiga kelele tupishe. Mama alijua duka la abaya, duka la viatu, duka la Myemeni wa mablanketi. Tulifika kwa Myemeni akatufungia mlango usoni, kwa maana adhana ya alasiri ilikuwa imelia, na maduka yote ya kichochoro kile yakashusha milango yake. Wanaume wakaenda kusali. Tukabaki wawili na mifuko yetu, Wakristo wasio na la kufanya, tukakaa kwenye ngazi ya nyumba iliyofungwa tukingoja.

"Sasa wewe," mama akaanza, "huyu mtoto wa watu utamjibu lini? Mpaka azeeke?"

"Mama, nataka kukuambia kitu."

"Umempa mtu mimba?"

"Hapana. Na sitampa."

Maneno yote niliyoyajua ya kujiita mimi yalikuwa matusi. Nilikuwa nimeyapanga tangu Riyadh, kilomita baada ya kilomita, nikatafuta moja ambalo mama hajalisikia likirushwa kwa mtu kama jiwe, nikakosa. Kwa hiyo nilizunguka. Nilimwambia sipendi wasichana. Nikamwambia sijawahi, hata shuleni, hata yule aliyekuja nyumbani Krismasi ile wote wakafurahi. Nikamwambia napenda wanaume, na kwamba jambo hilo sikujifunzia Uarabuni, nilikuja nalo. Nilisema nikitazama vidole vya miguu yake kwenye viatu vya wazi, kucha zimekatwa fupi kwa sababu madam hataki kucha.

Hakulia. Alitoa mfuko mmoja mapajani akauweka chini, kisha akauweka tena mapajani.

"Kuna mtu?"

"Yuko."

"Ni wa huku huku?"

Nikageuza macho kwenye milango iliyoshushwa.

"Ni nani?"

"Hilo sitakuambia, Mama."

Katika mambo yote niliyofanya mwaka ule, hilo ndilo pekee ninalojisifia.

"Bosi wako anajua? Kuna mtu yeyote anajua?"

"Hakuna. Ni wewe tu."

"Ni mimi tu," akasema. Akatazama mwisho wa kichochoro, ambako watu walikuwa wameanza kurudi kutoka msikitini wakivuta viatu. "Umefanya vizuri kuniambia, baba. Ni vizuri."

Milango ya maduka ikapandishwa. Mama akainuka, akakung'uta nguo, akaingia kwa Myemeni akachagua blanketi zito lenye maua mekundu. Akalipigania bei kwa ukali ambao sijawahi kuuona kwake, sauti juu, mkono kiunoni, akatoka mara mbili na kurudishwa mara mbili, mpaka Myemeni akainua mikono akasema halas, basi, chukua. Nililibeba begani. Nilikuwa mwepesi. Niliona nimepona ugonjwa ambao nilikuwa nao tangu darasa la saba, na nilimpigia rafiki yangu nikamwambia, unaona, nilikuambia humjui.

Tulirudi Riyadh. Wiki tatu zikapita. Ijumaa mama alipiga kama kawaida, hakumtaja msichana, hakutaja lolote, aliuliza nimekula nini. Nilidhani ananipa nafasi. Nilidhani huo ndio upendo wa watu wazima.

Ijumaa ya nne hakupiga. Jumamosi baada ya kuwarudisha mabinti kutoka shule, bosi alikuja getini akiwa na kanzu yake ya nyumbani na uso wa mtu anayekuja kutoa pole. Akanyoosha mkono, akaomba funguo. Nilidhani anataka kuliendesha mwenyewe. Akazitia mfukoni, akaniambia nikakae chumbani nipumzike, nisitoke, na kama nataka maji niite. Niite maji, mimi. Jioni msichana wa kazi, Mganda, aliniletea chakula hadi mlangoni, akakiweka chini, akarudi nyuma hatua mbili.

"Wanasema uko na kifafa," akaniambia. "Mama yako amemwambia dada yake madam analia, naye akapiga simu huku."

Mama alikuwa amemwendea madam wake akapiga magoti jikoni. Akamwambia amewatendea dhambi. Kwamba mwanawe ana kifafa tangu utotoni, kwamba alificha kwa sababu ya shida, na kwamba dhamiri sasa inamla, kwa sababu mabinti wa dada yake wanakaa kwenye gari la mtu anayeweza kuanguka wakati wowote. Akaeleza povu. Akaeleza macho yanavyogeuka, ulimi unavyoumwa, na jinsi mtu anavyoamka baadaye asikumbuke kitu. Alieleza vizuri kwa sababu aliyajua. Mdogo wake, mjomba wangu, alikuwa na kifafa, na mama ndiye aliyemtunza mpaka siku alipoangukia moto akafa. Alichukua ugonjwa wa mjomba marehemu akanivisha mimi.

Nilikataa. Niliongea Kiarabu chote nilichokuwa nacho. Nikasema mafi, mafi, sina, sijawahi. Bosi alikuwa mtu wa haki, akanipeleka hospitali. Wakanipaka kitu cha kunata kichwani wakabandika nyaya, daktari Msudani akatazama karatasi ndefu akasema hakuna tatizo lolote, huyu ni mzima. Nikamgeukia bosi nikitabasamu. Bosi alimshukuru daktari, na tulipofika kwenye gari, yeye usukanini na mimi kiti cha abiria, akaniambia kwa upole kwamba mashine hukosea. "Mama hawezi kusema mwanawe ni mgonjwa kama si mgonjwa," akasema. "Mama gani anafanya hivyo?"

Kadiri nilivyozidi kukana ndivyo walivyozidi kunihurumia, kwa sababu mama alikuwa ameshawaambia kwamba mwenye ugonjwa huo huwa hakumbuki. Kila mlango aliufunga vizuri. Ni mwanamke hodari, mama yangu, madam wake hakukosea.

Nilimpigia simu mara nyingi nisizotaka kuzihesabu. Hakupokea. Nilimpigia rafiki yangu wa Sulimaniyah, ambaye alikuwa dakika kumi na tano kutoka pale nilipofungiwa na asingeweza kuja hata kupita mbele ya geti.

"Nilikuambia usimwambie," akasema. Hakusema kwa kunikomoa. Alikuwa akilia.

"Wewe mama yako utamwambia lini?"

"Mimi? Mama yangu atakufa bila kujua. Na mimi na yeye tutapendana mpaka siku hiyo."

Wakati ule nilimwona mwoga. Sasa nadhani kati yetu wawili yeye ndiye aliyewaelewa watu, na tangu nifike nyumbani namba yake haipatikani. Sijui kama alihama, alirudi, au alinifuta.

Karatasi zilikamilika haraka. Watu hukaa miezi wakimlilia kafili, mwajiri aliyewadhamini, awape ruhusa ya kuondoka nchini, mimi ya kwangu ililetwa pamoja na maji ya matunda. Bosi akanipa mkono, akanilipa mpaka siku ya mwisho, na yeye na madam wakaamua, kwa huruma zao, kwamba nipandie ndege Jeddah ili mama yangu anibariki kabla sijaondoka. Walidhani wananifanyia hisani kubwa.

Tulikutana uani, kwenye kivuli, viti vitatu vya plastiki. Madam wa Jeddah alikaa kwenye kimoja, amejifunika, na boksi la tishu mapajani, kwa sababu hakutaka mama awe peke yake katika saa kama ile. Mama alitoka jikoni na aproni yake. Akanikumbatia akaanza kulia, machozi ya kweli, na madam naye akaanza. Kisha mama akakaa, akashika kichwa changu kwa mikono miwili kama anayepapasa homa, na akaongea Kiswahili kwa ile sauti ya kubembeleza mtoto. Kila mfanyakazi wa kwetu kule anaijua sauti hiyo. Unaweza kumtukana mwajiri mbele yake kwa sauti ya wimbo, naye akakutabasamia. Sikujua inaweza kutumika hivi.

"Usijivute," akasema, akinipapasa. "Kaa hivyo hivyo. Anatuangalia. Ulitaka nifanye nini?"

"Nilikuambia wewe peke yako, Mama."

"Na mimi nimemwambia nani? Nitajie mtu mmoja. Siri yako nimeitunza, nitaingia nayo kaburini."

"Umeniita mgonjwa."

"Mgonjwa anapandishwa ndege. Wewe ulitaka wakupeleke wapi? Wangekukata kichwa hapa, mimi wangenipigia simu nije nichukue nini?" Alinifuta shavu kwa kona ya aproni. "Ningekuambia uache, ungeacha?"

Nilinyamaza. Lazima niandike hapa kwamba nilinyamaza, kwa sababu yeye alikuwa akingoja jibu kwa kweli. Kwa dakika hiyo moja aliniuliza swali na akataka kujua.

"Unaona," akasema. "Na jina langu niliweka kwenye hii nyumba. Nilisema wewe na mimi ni kitu kimoja. Ukikamatwa wewe, mimi ni nani? Wadogo zako watakula nini?"

"Ungeniambia nirudi nyumbani. Ningerudi."

"Ungerudi kwa huyo mtu." Mikono yake ilikuwa bado kichwani mwangu, na ilikuwa ya moto. "Nyumbani nimeshawaambia ni kifafa. Wachungaji watakuombea. Usiwaambie kitu kingine. Ukiwaambia kitu kingine, mimi sikukuzaa."

Nilimchukia hapo. Nilimchukia kabisa, na mikono yake sikutaka iondoke.

"Mama," nikasema, "mimi nilikuamini."

Madam akajipangusa macho akauliza kwa Kiarabu mtoto anasema nini.

"Anakushukuru, madam," mama akasema.

Madam akaweka mkono kifuani akaniombea Mungu aniponye. Nikaitikia amina.

Nyumbani walinipokea kama walivyoagizwa. Mke wa ndugu yangu alinizuia nisikae karibu na jiko, na mtoto wake hakuniachia nimbebe, akasema mkono wangu unaweza kuachia. Nikienda kisimani mtu alinifuata kwa mbali. Kanisani niliwekewa mikono kichwani Jumapili tatu mfululizo, na shangazi zangu wakaninong'onezea majina ya waganga. Leseni yangu ya udereva ilikuwa kabatini, nzima, haina kosa, na hakuna mwenye gari kwetu aliyethubutu kunipa funguo. Hakuna aliyewahi kuniona nikianguka, na hilo halikumsumbua mtu. Mama yangu alikuwa amesema.

Mwishowe nilihamia mji ambao haunijui. Nauza rangi kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nachanganya mikebe, nawashauri watu juu ya kuta zao. Wakati mwingine najiuliza kama ningekuwa hai lau mama angenyamaza, na siku nyingine nakubali kwamba huenda ameniokoa. Sipendi siku hizo. Ni rahisi zaidi kuwa na hasira.

Yeye bado yuko Jeddah. Baada ya kimya cha miezi saba alinipigia Ijumaa moja baada ya chakula cha mchana, saa ile ile ya zamani. Aliuliza hali ya hewa, aliuliza kazi. Kisha akashusha sauti.

"Baba, dawa unakunywa?"

Nilidhani madam amekaa karibu, kwamba mchezo wa uani unaendelea na ni lazima nicheze sehemu yangu.

"Uko na mtu hapo?" nikauliza.

"Hapana. Wamelala wote. Niko peke yangu chumbani kwangu."

Nikangoja aseme lile ambalo mama na mwanawe wanaweza kuambiana wakiwa wawili tu, kwa lugha ambayo hakuna mwingine nyumba nzima anayeielewa. Nilisikia kiyoyozi chake. Nilisikia akivuta pumzi.

"Dawa," akasema tena. "Unakunywa?"

"Nakunywa, Mama."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Haya," akasema, na sauti yake ikatulia. "Usinifiche kitu."